Simu Mpya Inanguruma Ikichajiwa? Usiiuze Kwanza

Fundi mmoja wa AC tunayemfahamu, anayepanga kitanda Satwa, alinunua simu mpya kwa dirhamu 900 mara tu mshahara ulipoingia. Boksi lilikuwa jembamba, na ndani hakukuwa na chaja. Akachukua ya dirhamu 10 palepale dukani, akaondoka na furaha yake. Usiku uleule kasheshe ikaanza. Akichomeka chaja ukutani inalia mlio mwembamba kama mbu. Akishika ubavu wa simu, vidole vinamwasha. Akimtumia mama yake ujumbe wa sauti kwa erifoni za waya, mama analalamika kwamba nyuma ya sauti kuna "vuuuu" kama mashine ya kusaga. Na kubwa kuliko yote, akifungua apu ya kutuma pesa simu ikiwa kwenye chaja, skrini inajibonyeza yenyewe.

Wiki mbili baadaye akaiuza kule Deira kwa dirhamu 600, akiamini kauziwa simu mbovu. Akaongeza hela, akanunua nyingine ya aina tofauti kabisa. Chaja akabaki na ileile ya zamani, si bado inafanya kazi? Kelele zikarudi siku ya kwanza.

Hesabu yake ni fupi. Alipoteza dirhamu 300 kwenye kuuza peke yake. Ukikadiria shilingi 35 za Kenya kwa dirhamu moja, hizo ni kama 10,500, ambazo zingefika nyumbani. Chaja nzuri ingemgharimu dirhamu 50 au 60. Tumeona wenzetu zaidi ya mmoja wakipita njia hiyohiyo, ndiyo maana leo tunaacha kidogo habari za viwango vya kubadilisha fedha tuongelee chaja.

Kwa nini tatizo hili limekuwa la kawaida

Zamani simu ilikuja na chaja yake. Mwaka 2020 Apple walipotoa iPhone 12 waliondoa chaja kwenye boksi, na mapema 2021 Samsung wakafuata kwa Galaxy S21. Kampuni nyingine nazo zimekuwa zikifanya hivyo kwa baadhi ya simu zao. Sababu waliyoitoa ni kupunguza taka, na kwamba watu tayari wana chaja nyumbani. Mtu anayeishi chumba kimoja na wenzake saba, waya mmoja unazunguka vitanda vyote, hiyo sababu haimhusu sana. Anachofanya ni kununua iliyo rahisi iliyo karibu, na hapo ndipo simu ya mamia ya dirhamu inapofungwa maisha yake kwenye kifaa cha dirhamu 10.

Sasa tuangalie kifaa chenyewe. Umeme wa ukutani hapa Dubai ni wa volti 220 hadi 240, unaogeuka mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde. Simu inataka volti 5, au 9, au zaidi kidogo kama ni ya kuchaji haraka. Chaja za zamani zilikuwa nzito kwa sababu ndani kulikuwa na transfoma kubwa ya chuma. Za leo ni nyepesi kwa sababu zinaukatakata umeme vipande vidogo, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, ndipo zinaupitisha kwenye transfoma ndogo sana. Mkatiko wa mara 65,000 kwa sekunde ni wa kawaida kabisa. Sikio la mwanadamu linaishia kwenye 20,000 hivi, kwa hiyo chaja ikiwa kazini hutakiwi kusikia kitu.

Lakini kukatakata huko kunazaa uchafu wa umeme. Chaja iliyotengenezwa vizuri ina vichujio vya kuukamata: koili, na kapasita maalumu iliyokaa kati ya upande wa ukutani na upande wa simu, kazi yake ikiwa kuurudisha uchafu ulikotoka. Mtengenezaji anayetaka kuuza kwa dirhamu 10 na bado apate faida anapunguza wapi? Hapohapo kwenye vichujio, maana mnunuzi haoni ndani. Chaja itachaji tu, lakini uchafu wote unasafiri na waya hadi kwenye simu.

Ile hali ya vidole kuwasha nayo inatoka hapo. Chaja nyingi za simu hazitumii erthi kabisa. Hata zenye pini 3, mara nyingi ile pini ya juu ni ya plastiki, ipo tu kwa ajili ya kufungua matundu ya soketi. Kwa kuwa hakuna erthi, umeme kidogo sana unavuja kupitia ile kapasita na kuifanya fremu ya chuma ya simu ielee kwenye volti nyingi lakini nguvu ndogo mno. Kwa vifaa vya aina hii, viwango vya kimataifa vimekuwa vikiruhusu uvujaji usiozidi robo ya miliampea. Ukiwa pekupeku kwenye vigae, au umeegemea kitanda cha chuma cha ghorofa, mwili wako unakuwa njia ya kwenda ardhini na unausikia zaidi. Ukivaa ndala au ukiweka kava la plastiki, unapotea. Kwa hiyo kuwashwa kidogo tu, kama mtu anakupitishia unyoya, kunaweza kutokea hata kwa chaja halali. Kurushwa au kuchomwa hasa, mpaka unaachia simu, ni habari nyingine, tutaifikia.

Skrini inayojibonyeza na pesa zako

Sisi tulio kwenye mambo ya pesa, hapa ndipo roho inapoturuka. Skrini ya simu haisukumwi na kidole. Inapima mabadiliko madogo sana ya chaji ya umeme pale kidole kinapogusa. Chaja chafu ikiwa imeunganishwa, simu nzima inapanda na kushuka pamoja na ule uchafu, na kidole chako kikigusa, simu inasoma vitu ambavyo havipo. Unabonyeza 5, inaandika 5 na 8. Unataka kurudi nyuma, inaruka ukurasa wa pili. Mara nyingi miguso hiyo ya uongo inajipanga kwenye mstari mmoja na kidole chako, juu au chini yake. Ukiachia skrini, inatulia. Ukichomoa chaja, shida inaisha papo hapo.

Fikiria sasa upo kwenye apu, unatuma dirhamu 500 kwa M-Pesa ya dada yako kwa ajili ya karo. Sifuri moja ikijiongeza ni dirhamu 5,000, na kama akaunti inazo, zinakwenda. Au nambari moja ya simu ikibadilika kwenye mpokeaji mpya. Pesa zinazotumwa kwenye mkoba wa simu zinaweza kuingia ndani ya dakika chache, na zikishaingia na kutolewa kwa wakala, kuzirudisha ni safari ndefu. Wakenya wengi wanajua kutuma ule ujumbe kwenda 456 ili muamala urudishwe. Njia hiyo ni ya muamala uliofanyika kwa M-Pesa yenyewe kule Kenya. Wewe uliyetuma ukiwa Dubai lazima uanze na kampuni uliyotumia, uwape namba ya muamala, nao ndio wafuatilie. Wapigie mara moja, usisubiri asubuhi.

Hivyo, hata kabla hujajua chaja yako ni nzuri au mbaya: chomoa waya kabla ya kufungua apu ya benki au ya kutuma pesa. Tuma kwa betri, soma jina la mpokeaji na kiasi mara mbili, thibitisha, ndipo uchomeke tena. Haigharimu hata fils moja.

Jinsi ya kumjua mwenye kosa

Wahasibu tukiona salio haliendani hatufuti daftari zima. Tunaondoa kitu kimoja kimoja mpaka tofauti ijitokeze. Fanya hivyo na simu.

Anza kwa kuchomoa chaja na kutumia simu kwa betri kwa dakika kumi. Rekodi ujumbe wa sauti, andika maneno marefu, washa kamera. Kama kelele bado ipo bila chaja, shida ni ya simu yenyewe, na hapo una haki ya kurudi dukani. Kama imekwisha, simu yako ina uwezekano mkubwa wa kuwa nzima.

Halafu ichaji kwa pawabenki, kwa kutumia waya uleule wa kuchajia. Hiki ndicho kipimo tunachokipenda kuliko vyote, kwa sababu pawabenki haijaunganishwa na ukuta. Kelele ikiondoka kwa pawabenki na kurudi ukutani, umeshampata mwizi: ni chaja, au soketi uliyoichomeka. Kelele ikibaki hata kwa pawabenki, badilisha waya. Waya uliokatika ndani au wenye kichwa kilicholegea unaweza kuleta vituko vyote hivi, na bei yake ni ya chakula cha mchana.

Ukiwa ukutani, toa chaja kwenye ekstensheni na uichomeke kwenye soketi ya ukuta moja kwa moja. Zima taa za LED zenye kipunguza mwanga na kettle ya mwenzako, usikilize tena. Mwisho azima chaja ya mtu mwingine, iliyokuja na simu yake kwenye boksi. Kazi yote hii haizidi nusu saa.

Mlio mwembamba kutoka kwenye chaja yenyewe unahitaji neno lake. Simu ikifika karibu asilimia 100, au chaja ikiachwa ukutani bila simu, chaja nyingi zinaacha kufanya kazi mfululizo na zinafanya kwa vipindi vifupi ili kuokoa umeme. Vipindi hivyo vinaweza kuangukia kwenye masafa ambayo sikio linasikia, na koili ndani inatetemeka kidogo. Ukiisogeza chaja sikioni usiku wa kimya ukasikia kamlio, na chaja haina joto kali, haina harufu, usipoteze usingizi. Ukiusikia kutoka kitanda cha juu, au ni mkwaruzo na mpasuko badala ya mlio laini, ichomoe.

Madereva nao wana kelele yao. Umechomeka simu kwenye chaja ya gari na wakati huohuo umeiunganisha na redio kwa waya wa aux, na spika zinalia mluzi unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Simu haina kosa, na chaja pengine haina. Umetengeneza mzunguko: simu imefungwa kwenye gari kwa njia mbili, na kelele za alteneta zinapita katikati. Sikiliza kwa bluetooth, au usichaji huku unasikiliza kwa waya. Kuna kifaa kidogo cha kukata mzunguko huo kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya magari, lakini bluetooth ni bure.

Pale ambapo si kelele tena

Kuna hali ambazo hatushauri uchunguzi wowote, tunashauri uchomoe na utupe. Chaja ni ya moto kiasi huwezi kuishika. Inanuka plastiki iliyoungua. Imebadilika rangi karibu na pini. Inakurusha, si kuwasha. Inapasuapasua ikiingia kwenye soketi.

Mwaka 2016 maabara ya UL ilipima chaja 400 bandia zilizojifanya ni za iPhone. Zilizofaulu kipimo cha usalama zilikuwa 3. Kati ya zilizofeli, 12 zilikuwa na uwezo wa kumuua mtu kwa umeme. Ndani ya chaja ya namna hiyo, umbali kati ya volti 230 za ukutani na waya ulioshika mkononi unakuwa ni mdogo kuliko inavyotakiwa, na joto na unyevu vinaupunguza zaidi. Wengi wetu tunalala na simu chini ya mto, chumba kina vitanda vya chuma, magodoro ya sponji, mapazia ya kugawa nafasi, na mlango mmoja. Moto ukianza pale, hesabu ya dirhamu 10 haina maana yoyote.

Na ile tabia ya kuchomeka plagi ya pini 2 kwenye soketi ya pini 3 kwa kusukuma kalamu au kijiko kwenye tundu la juu, jamani, tuiache. Tunaijua, tumeifanya nyumbani na huku. Soketi za hapa ni zilezile za Kiingereza zinazotumika Kenya na Uganda, na kwa sehemu kubwa Tanzania. Pini nyembamba hazikazi vizuri humo. Kinacholegea kinatoa cheche, cheche zinaleta kelele kwenye simu kwanza na joto baadaye. Adapta za bei ya chini nyingi hazina fyuzi, wakati plagi halali ya pini 3 inayo ndani.

Ekstensheni nayo ipigiwe hesabu. Fyuzi ya ampea 13 kwa volti 230 inakupa kama wati 3,000. Chaja za simu nane hazifiki popote karibu na hapo. Lakini kettle moja ya wati 2,000 na jiko la wali la wati 700, tayari umejaza, na mtu wa tatu akichomeka pasi umepitiliza. Chumba kikubaliane: kettle na pasi ukutani, simu kwenye ekstensheni.

Kununua chaja

Hatutaji duka wala chapa, kila mtu ana mfuko wake. Tazama vitu hivi. Kwenye mwili wa chaja kuwe na jina la mtengenezaji, namba ya modeli, na maandishi ya volti 100 hadi 240, masafa ya 50/60. Maandishi yaliyokosewa herufi ni ishara mbaya. Kuwe na alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, maana yake kifaa kina kinga maradufu. Pima kwa mkono: chaja bandia mara nyingi ni nyepesi ajabu, hakuna kitu ndani. Tazama pini. Kwa plagi ya pini 3 ya Kiingereza, kutoka ukingo wa pini hadi ukingo wa chaja kuwe angalau milimita 9.5, ili vidole visiguse chuma unapochomeka. Zikiwa karibu kuliko hapo, rudisha.

Hapa Emirates vifaa vya umeme vya nyumbani vinatakiwa kufuata taratibu za ubora zilizokuwa chini ya ESMA, ambazo tangu 2020 ziko chini ya Wizara ya Viwanda na Teknolojia ya Juu. Muulize muuzaji kama chaja yake imesajiliwa. Jibu lake, na jinsi anavyokuangalia, vitakusaidia kuamua.

Na dai risiti. Tangu 1 Januari 2018 kuna VAT ya asilimia 5, na duka lililosajiliwa linatoa ankara ya kodi yenye namba ya TRN ya tarakimu 15. Karatasi hiyo ndiyo shahidi wako. Ipige picha siku hiyohiyo kwa sababu wino wa karatasi za joto unafutika, hasa ukiiacha kwenye gari wakati wa kiangazi. Sheria ya Shirikisho Namba 15 ya 2020 inamlinda mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye kasoro, na kwa Dubai kuna chombo cha kulinda wanunuzi chini ya Idara ya Uchumi na Utalii kinachopokea malalamiko. Bila risiti ni neno lako dhidi ya lake. Kabla hujafika huko rudi dukani kwa upole, na video fupi ya skrini ikijibonyeza, ukionyesha chaja ikichomekwa na kuchomolewa. Video ya sekunde 20 inamaliza ubishi mwingi.

Afadhali zaidi, jaribu kabla ya kulipa. Maduka mengi yana soketi kaunta. Toa kava la simu, chomeka, subiri dakika tano, andika ujumbe mrefu, rekodi sauti, isikilize palepale.

Swali ambalo tumeulizwa na wanaonunulia watu wa nyumbani simu: je, chaja ya Dubai itafanya kazi Mombasa au Dar? Ndiyo, plagi na volti vinaendana. Lakini usitume simu peke yake ukidhani watajipatia chaja huko, maana watanunua ile ya barabarani, na ndani ya mwezi utapigiwa kuambiwa simu uliyotuma ni mbovu na zinahitajika hela za fundi. Weka chaja na waya uliokwisha kuvijaribu ndani ya boksi moja na simu, na umwambie atakayepokea asiviazimishe.

Yule fundi wetu wa Satwa alinunua chaja ya dirhamu 55 mwezi uliofuata. Ile ya dirhamu 10 aliikata waya kabla ya kuitupa, mtu mwingine asije akaiokota.